Cherehani Iliyopakwa Ujana

Kuna watu ukiwapa mgongo wiki mbili tu, unarudi unakuta wamekutendea hisani ambayo hukuiomba, na bado wamekaa wanangoja shukrani. Kaka mkubwa alikuwa mmoja wao. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani ambaye mama yao alimpachika jina la Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alikuwa ameenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Siku ya kurudi alifungua mlango wa chumba cha mbele, ambacho ndicho chumba cha kazi, mkoba ukiwa bado begani, akakuta cherehani ya mama haipo. Zilibaki alama nne sakafuni, za miguu ya chuma iliyosimama pale tangu yeye hajazaliwa, na katikati yake vumbi na pini zilizokuwa zimeanguka miaka yote.

Pembeni, juu ya kimeza cha plastiki, palikuwa na cherehani nyeupe ya umeme, nyepesi kama kopo tupu, ina vitufe vingi kuliko simu. Ilikuwa imefungwa utepe mwekundu.

Sindano hakutua mkoba. Alipiga simu akiwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kaka mkubwa alipokea akicheka. Alisema alijua tu atashtuka. Ile ya mama imestaafu, alisema, imefanya kazi ya kutosha, sasa ni kumbukumbu ya familia, na kumbukumbu haikai chumba kimoja na vipande vya vitambaa na panya. Ameitengeneza upya, inang'aa kama siku ilipotoka dukani, na Jumapili mchana ndugu wote wafike kwake waione. Yeye Sindano ameletewa ya kisasa ili naye apumzishe miguu. Sindano akamuuliza nani alimpa ruhusa. Kaka akajibu ruhusa ya nini, kitu ni cha mama na mkubwa ni yeye. Kisha akasema anaingia kwenye mkutano, akakata.

Tuseme kweli, cherehani yenyewe ilikuwa imechakaa, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Sindano. Maua ya dhahabu ubavuni yalikuwa yamefutika pale mkono wa kushoto unapopita na kitambaa. Ukingo wa meza ulikuwa umebonyea kwa viwiko. Kanyagio la chuma lilivunjika zamani, seremala mmoja akaweka ubao wa mti mgumu, na ubao ule mama aliukanyaga peku miaka arobaini, kwa sababu alisema mtu hawezi kushona kitu asichokisikia kwa nyayo. Ndani, chuma kinachozungusha bobini ya uzi wa chini kilikuwa kimelika hata kikawa kinacheza, na dawa yake ilikuwa kipande cha ngozi ya kiatu, kidogo kama ukucha, kilichokunjwa na kupachikwa nyuma yake. Ngozi ikiisha unakata nyingine. Usipoiweka, cherehani inaruka mishono.

Na ilikuwa na adabu zake. Asubuhi huipi kitambaa kizito kabla haijapata moto. Kabla ya kukanyaga unazungusha gurudumu kwa mkono robo ya mzunguko, la sivyo inarudi nyuma na kukata uzi. Kwenye kile kibati ambamo sindano inatumbukia, mama alikuwa amechora mistari mitatu kwa msumari: wa kwanza wa mashati, wa pili wa suruali, wa tatu wa pindo za mapazia. Sindano alijifunza mistari ile kabla ya kujua kusoma futi, na mpaka leo macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye mstari, si kwenye futi. Kwa mtu asiyeijua ilikuwa mashine mbovu. Kwa anayeijua, ilishona shela na ikashona turubai siku hiyohiyo, na haikuwahi kumwangusha.

Alikuwa na kazi ya aproni za turubai za wachomeleaji vyuma, na waliozitaka walishakuja kuziulizia mara mbili. Akaukata ule utepe mwekundu, akaijaribu ya umeme. Aproni ya kwanza ilivunja sindano tatu. Ya pili ilifika nusu, mashine ikaanza kuguna, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima yenyewe. Sindano akachomoa waya ukutani. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wazee hawakusema ufanye nini mtu mwingine anapoubeba mbachao wako na kukuachia msala wenye vitufe.

Jirani mwenye duka ndiye aliyemwambia. Aliiona ikipakiwa kwenye pikapu ya gereji ya kupaka rangi magari, ile iliyo nyuma ya soko. Sindano alidhani amesikia vibaya. Akauliza tena. Jirani akasema ndiyo, rangi za magari.

Pale gereji milango ya magari ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa safu, vioo vimefunikwa magazeti, na harufu ya thina inakupokea tangu barabarani. Fundi rangi, mtu mnene mwenye barakoa iliyoning'inia shingoni, alifurahi kuulizwa. Alisema katika maisha yake hajafanya kazi kama ile. Aliifungua yote, akaiogesha kwa thina, akapiga msasa, akatia puti ya kuzibia, kisha mikono mitatu ya rangi nyeusi na mmoja wa vanishi. Alisema mtu anaweza kujitazama ubavuni mwake akachana nywele.

Sindano alimuuliza vanishi aliipiga kabla au baada ya kuziba matundu ya mafuta. Fundi rangi akauliza matundu yapi. Akamuuliza kile kipande cha ngozi kiko wapi. Fundi rangi akafikiri, akasema palikuwa na takataka moja imenasa ndani, aliitoa na kuitupa.

"Na puti uliweka wapi?"

"Kwenye ukingo wa meza, palikuwa pamebonyea. Halafu ule ubao wa miguu, dada yangu, ulikuwa na mashimo mawili, sijui mtu alikuwa anatwangia nini pale. Nimeyaziba. Hata uje na tochi huoni kitu."

"Yale mashimo ni mama yangu," Sindano alisema.

Nyuma yake Sindano akasikia kwaru, kwaru, akageuka. Msaidizi mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amechuchumaa anakwangua kutu kwenye mlango wa gari kwa kibati kidogo. Sindano alikwenda, akakichukua mkononi mwake bila salamu. Ukingo ulikuwa umejaa kutu na rangi ya bluu, lakini mistari mitatu ilikuwepo. Kaka mkubwa alikuwa ameleta kibati kipya, na hiki kikaonekana kinafaa kukwangulia.

Hapo hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. Juu ya benchi palikuwa na bastola ya kupulizia rangi, mpini umeviringishwa mpira wa tairi ya baiskeli, kifyatulio kimepigwa tupa upande mmoja. Akaiokota.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Imechakaa. Nikununulie mpya, hii niipake dhahabu niiweke sebuleni?"

Fundi rangi aliinyakua kwa haraka isiyolingana na unene wake. Alisema isiguswe, inajua mkono wake, mtu mwingine akiishika inatapika matone. Kisha akabaki ameishika kifuani, anaiangalia, na haya zikamwingia taratibu, mtu unaona zinavyoingia. Alikwenda ndani akatoka na chupa ndogo ya thina. Alisema matundu ya mafuta yatafunguka kwa pini na matone mawili. Kuhusu ubao, alishusha sauti kama anayeungama: mti ule ulikuwa umekunywa jasho na mafuta ya miguu, puti haikuushika vizuri, na yeye aliliona hilo akaifunika kwa rangi. Aanze ukingoni kwa bisibisi bapa, itabanduka vipande vizima.

"Ni kaka aliyekwambia uyazibe?" Sindano aliuliza.

"Ndilo la kwanza aliloniambia. Mengine nifanye nitakavyo, lakini ule ubao usionyeshe kitu."

Sindano alitembea mpaka nyumbani, hakupanda gari. Mtu akipanda gari na hasira kama zile atagombana na abiria wasio na kosa.

Jumapili alifika akiwa amevaa nguo ya kazini, ile yenye mfuko mkubwa mbele, na mfukoni bisibisi mbili, pini, mkasi, kikopo cha mafuta, chupa ya thina, bobini yenye uzi, na kibati alichokisugua mpaka kikarudi rangi yake. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, vya kaka mkubwa vikiwa mbele, vyeusi, vimepigwa kiwi. Sebule ilijaa. Cherehani ilikuwa imewekwa katikati ya ukuta, chini ya taa yake peke yake, nyeusi tii, maua mapya ya dhahabu ya kubandika yameinama upande mmoja. Juu yake walikuwa wameweka kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki.

Kaka mkubwa alikuwa amesimama anahutubia, maana huyo hata akiomba chumvi anahutubia. Alisema ya kale ni dhahabu. Alisema leo wanaiona kama mama alivyoiona siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi kidogo. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye siku hizi alikuwa haoni vizuri, aliomba asogezwe karibu. Akapapasa ubavu wa cherehani, akapapasa ukingo wa meza, akarudia kupapasa, kisha akauliza kama ni yenyewe kweli au wamenunua nyingine.

Sindano akapita katikati ya watu. Akatoa chombo cha maua, akakiweka kwenye mapaja ya wifi yake. Akavua kile kitambaa. Akashika gurudumu kulizungusha. Halikusogea, lilikuwa limegandishwa na vanishi.

Kaka mkubwa akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya ofisini, kwamba wasifanyiane hivyo mbele ya wageni. Sindano alikaa chini kwenye zulia, akauvuta ubao wa kanyagio usawa wake, akaanza kuchokonoa ukingo kwa bisibisi. Wifi akasema zulia jamani. Binamu mmoja akacheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akaacha.

"Muacheni," mama mdogo alisema. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nimeligusa hilo lidude sikulijua."

Kipande cha kwanza cha puti kilibanduka kwa mlio mdogo mkavu. Cha pili kikatoka kikubwa kama kiganja. Kaka mkubwa aliinama akamshika mkono, na hapo Sindano akainua uso, na wote sebuleni wakauona.

"Nilitaka muione ilivyokuwa," kaka alisema. "Mpya. Kuna ubaya gani?"

"Ilipokuwa mpya mama hajakushonea hata kaptura. Hajakusomesha. Ilipokuwa mpya wewe hukuwepo, kaka, na mimi sikuwepo. Unatuonyesha nini hapa?"

"Namheshimu mama."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwenye msiba wake ulileta picha ya miaka arobaini nyuma, watu wakawa wanaulizana aliyekufa ni nani. Mgongo ulipompinda ukawa unakuja unasimama mlangoni, unaacha maboksi ya sabuni, huyo. Vidole vyake vilipojikunja hukuvishika hata siku moja. Sasa amekufa, umemtafuta fundi wa magari amzibe."

Kaka mkubwa aliuachia mkono wa mdogo wake. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, na alipozungumza ile sauti ya ofisini haikuwepo.

"Siwezi kuutazama ule ubao," alisema. "Nilipokuwa shule nilikuwa nikirudi likizo naona mashimo yamezidi. Kila likizo. Nikawa naona ni mimi ninayechimba."

Mtu mwingine angesimama hapo, angelia, wangekumbatiana, na cherehani ingebaki palepale chini ya taa yake. Sindano alikuwa na hasira za wiki nzima na nyingine za miaka, na neno lile halikuzipunguza, liliziongezea. Maana yeye pia alikuwa akiyatazama mashimo yale kila siku, na ni yeye aliyempaka mama mafuta ya moto kwenye nyayo, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

"Basi utatazama leo," alisema, akaendelea kuchokonoa.

Alimaliza ubao. Akafungua kibati kipya, akafunga cha zamani. Akatoboa matundu ya mafuta kwa pini na thina, akatia mafuta, akakaa analisukuma gurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka vanishi ikakatika na likazunguka. Akatia bobini, akapitisha uzi, akachana kipande cha turubai alichokuja nacho, akajaribu. Cherehani ikashona mishono miwili, ikaruka mitatu, ikashona mmoja.

"Mnaona," wifi alisema, si kwa ubaya. "Imezeeka, wifi yangu. Iacheni ipumzike."

Sindano alisimama, akaenda mlangoni. Alirudi na kiatu cha kulia cha kaka mkubwa. Alikilegeza kamba, akauvuta ulimi wake nje, akaukata ncha kwa mkasi, mbele ya mwenyewe, taratibu, maana ngozi ilikuwa nzuri na nene. Kilio kidogo kilimtoka wifi. Kaka mkubwa alitazama kiatu chake, akamtazama mdogo wake. Sindano akaipunguza ngozi ikawa saizi ya ukucha, akaikunja, akainama na kuipachika mahali pake kwa ncha ya bisibisi.

Kisha akavuta kiti. Akazungusha gurudumu kwa mkono robo ya mzunguko, akaweka miguu.

Ikaanza kwa kusitasita, halafu ikashika. Wote waliokulia katika nyumba ile waliujua mlio ule: wala si wa kukatakata, ni mzito na wa chini, na kila baada ya mizunguko kadhaa una kishindo kidogo cha ubao ukigusa chuma. Mama mdogo akasema, ndiyo, huyo ndiye. Sindano alishona turubai mikunjo minne, akafuata mstari wa tatu, akageuza, akarudi. Hakuna mshono ulioruka. Rangi nyeusi ilianza kukatika kwenye gurudumu na kumnata viganjani, na yeye hakusimama, akashona mpaka turubai ikaisha, akakata uzi kwa meno.

"Nakwenda nayo," alisema. "Ile yako ya vitufe njoo uichukue."

Alitegemea ubishi. Alikuwa ameshaupanga moyoni tangu juzi, akisema hiki nitamjibu hivi, akisema kile nitamjibu vile. Lakini kaka mkubwa alikuwa amesogea, amechuchumaa mbele ya cherehani, mtu mzima mwenye kitambi, anatazama ule ubao. Puti ilikuwa imetoka yote. Mti ulionekana wa kahawia, laini, na mabonde mawili ya nyayo yalikuwa wazi, kisigino, kiganja cha mguu, hata sehemu ya dole gumba.

Akavua soksi. Akauweka mguu wake wa kulia kwenye bonde la kulia.

Haukuingia. Kisigino kilizidi nyuma, vidole vikazidi mbele, pembeni nyama ikapanda juu ya kingo. Akausogeza, akajaribu kuukunja kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha mtoto na hataki kukubali. Kisha akautoa mguu, akaweka kiganja chake mle ndani badala yake. Kiganja kikalijaza bonde karibu lote.

"Mguu wake ulikuwa mdogo hivi?" aliuliza.

Sindano alimtazama kutoka juu. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa makali, na yote yalikuwa ya haki. Hasira zilikuwepo bado, nzima, hakuna iliyopungua. Lakini hili hakuwa amelijua, kwamba mtu anaweza kubebwa na miguu miaka yote ile na asijue ukubwa wake.

"Ulikuwa mdogo hivyohivyo," alisema. "Shika upande huo, tuibebe."